Bima ya Paka Mzee Uingereza: Ipi Itaendelea Kulipa Mwaka wa Pili?

Ukitaka kumkatia bima paka wa miaka 11 nchini Uingereza, swali la kwanza la kuiuliza kampuni ni hili: akigunduliwa ugonjwa wa figo mwezi wa tano wa mkataba, mwaka wa pili mtaendelea kulipa? Bei ya mwezi, punguzo la kujiandikisha mtandaoni na ushauri wa daktari kwa video vije baadaye. Maradhi mengi ya paka mzee yakishaingia hukaa naye mpaka mwisho, na mkataba usiovuka mwaka hukuacha solemba hapo hapo gharama zinapogeuka kuwa za kila mwezi.

Madaktari wa wanyama humhesabu paka kuwa mzee kuanzia miaka 10 au 11 hivi. Inakadiriwa kwamba asilimia 30 hadi 40 ya paka waliovuka miaka 10 wana ugonjwa sugu wa figo, na takriban mmoja kati ya kumi ana tezi ya thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi. Ongeza kisukari, presha, yabisi ya viungo, meno yanayoliwa kutoka kwenye mzizi, na saratani ya limfoma. Figo hutaka vipimo vya damu na mkojo kila baada ya miezi michache, presha hutaka dawa ya amlodipine kila siku, yabisi sindano ya Solensia kila mwezi, na kisukari mara nyingi insulini asubuhi na jioni. Matumizi ya namna hii ndiyo unayoyakatia bima.

Sokoni kuna aina nne. Ya ajali tu haimfai paka mzee, hasa anayeshinda ndani. Hatari yake kubwa ni maradhi. Ya muda hulipia kila ugonjwa kwa miezi 12, kisha ugonjwa huo unafungwa. Ya kiwango kwa kila ugonjwa haina ukomo wa muda, lakini fedha zilizotengwa zikiisha hazirudi. Ya maisha yote hurudisha kiwango chake upya kila mwaka unapoendelea na mkataba, mradi hukuukatisha katikati.

Mtu aliyezoea bima ya gari, na mazungumzo ya bima kubwa na bima ndogo, huangalia ukubwa wa fedha kwanza. Kwa paka mzee angalia muda. Chukua mfano wa paka mwenye ugonjwa wa figo anayetumia pauni 150 kwa mwezi kwa vipimo na dawa. Tuache makato, yaani sehemu ya bili unayojilipia mwenyewe, pembeni kwanza. Mkataba wa muda wenye pauni 3,000 utafungwa mwezi wa 12, hata kama pauni 1,200 hazijaguswa. Wa kiwango wenye pauni 4,000 utakauka mwezi wa 27. Wa maisha yote wenye pauni 4,000 kwa mwaka utatumia pauni 1,800 mwaka huu, kisha utaanza mwaka ujao na 4,000 kamili. Kwa hiyo pendekezo letu kwa paka mzee ambaye rekodi yake bado ni safi ni moja tu: maisha yote.

Hata hivyo, si kila mkataba wenye jina hilo unastahili fedha zako. Ipo yenye kiwango cha pauni 1,000 kwa mwaka. Paka dume aliyeziba njia ya mkojo, akawekewa mpira na kulazwa siku tatu kwa dripu, anaweza kukimaliza kwa tukio moja. Usishuke chini ya pauni 4,000 kama mfuko unaruhusu. Kisha tazama kama fedha hizo ni fungu moja la kutumia kwa lolote, au zimegawanywa kwa kila ugonjwa. Paka mzee huwa na maradhi mawili matatu kwa pamoja, na fungu moja linakupa nafasi ya kupeleka fedha zinakohitajika. Zaidi ya yote, soma viwango vidogo vilivyofichwa ndani: kipimo cha CT au MRI, meno, na chakula cha tiba. Chakula cha figo hununuliwa kila mwezi, na mikataba mingi ama hailipii kabisa ama hulipia kwa muda mfupi tu.

Makato yanayouma

Kila dai lina kiasi cha kwanza unachojilipia mwenyewe, kwa kawaida mara moja kwa kila ugonjwa kwa kila mwaka wa mkataba. Paka mwenye figo na thairoidi analipiwa makato mawili, na mwaka mpya yanaanza tena. Paka akifikia umri fulani, mara nyingi kati ya miaka 8 na 10, kampuni nyingi huongeza asilimia ya bili unayochangia wewe, 10, 20 au hata zaidi, juu ya kiasi hicho. Umri huo umeandikwa kwenye mkataba; utafute kabla ya kulipa, kwa sababu bei nzuri uliyoonyeshwa leo kwa paka wa miaka 9 inaweza kubeba asilimia 20 itakayoanza siku anapotimiza 10.

Uliza pia kipi kinakatwa kwanza. Bili ya pauni 1,000, makato ya 100 na mchango wa asilimia 20: wakitoa 100 kwanza, inabaki 900, na kampuni inalipa 720. Wakitoa asilimia kwanza, inabaki 800, kisha wanaondoa 100, unapata 700. Kwa bili moja ni kitu kidogo, lakini maradhi sugu yana bili nyingi.

Bei yenyewe ina kodi ya bima ya asilimia 12 ndani yake, na itapanda kila mwaka kadiri paka anavyozeeka na madai yanavyoongezeka. Wengi hudhani sheria iliyoanza Januari 2022, inayozuia kampuni kumtoza mteja wa zamani zaidi ya mteja mpya, inawalinda. Sheria hiyo ya FCA, mamlaka inayosimamia kampuni za fedha Uingereza, inahusu bima za magari na nyumba, haihusu wanyama. Unachopata ni barua ya kuendelea na bima, ambayo lazima ionyeshe bei ya mwaka uliopita kando ya bei mpya. Na hapo ndipo ugumu mkubwa wa bima ya maisha yote: paka akishaumwa, huwezi kuhamia kampuni ya bei nafuu, maana kampuni mpya itauita ugonjwa huo wa zamani na kuutenga. Chagua kampuni ukijua huenda ukakaa nayo mpaka paka afe. Bei ya mwaka wa kwanza iliyo chini mno kuliko wengine wote itazame kwa shaka.

Rekodi ya kliniki ndiyo inayoamua

Madai mengi ya paka wazee hukwama kwenye maneno ya daktari yaliyoandikwa miaka miwili au mitatu nyuma. Kampuni haiangalii siku ugonjwa ulipopewa jina. Inaangalia dalili ya kwanza ilipoonekana. Daktari akiandika Februari kwamba paka amepungua uzito, ukakata bima Aprili, na thairoidi ikagunduliwa Agosti, dai linaweza kukataliwa kwa neno lile la Februari.

Kwa hiyo, kabla ya kukata bima, omba rekodi kamili kutoka kila kliniki aliyowahi kutibiwa, na uisome mstari kwa mstari. Tafuta PU/PD, yaani anakunywa maji na kukojoa kuliko kawaida. Hiyo ni dalili ya figo, kisukari na thairoidi kwa pamoja, na inaweza kukufungia milango yote mitatu. Tafuta HM, mnong'ono wa moyo. Tafuta uzito wa kila ziara, kwa sababu mkaguzi wa madai ataufuatilia ziara kwa ziara hata kama wewe hujauona. Kama kuna kosa la wazi, kwa mfano maelezo ya paka mwingine wa nyumba hiyo hiyo yameingizwa kwake, muombe daktari asahihishe kwa maandishi na aweke tarehe. Kumwomba afute jambo la kweli ni udanganyifu, na hakuna daktari makini atakayekubali.

Maswali ya fomu jibu kwa ukamilifu. Chini ya sheria ya mwaka 2012 kuhusu bima za watumiaji, wajibu wako ni kuchukua tahadhari ya kutosha usitoe taarifa za uongo. Ukikosea kwa uzembe, kampuni inaweza kupunguza malipo kwa uwiano wa ada ambayo ingekutoza. Ukidanganya makusudi, inaweza kufuta mkataba wote na kubaki na ada zako. Kwa upande mwingine, kama hawakuuliza jambo kwa uwazi, hawana haki ya kukulaumu kwa kutolitaja. Hifadhi picha ya skrini ya maswali na majibu yako siku ile ile.

Baada ya kukata kuna kipindi cha kusubiri, kwa kawaida siku 14 kwa maradhi na siku chache tu kwa ajali. Dalili ikijitokeza ndani ya siku hizo, inahesabiwa kuwa ya zamani. Una pia siku 14 za kubadili nia. Zitumie kuandika barua pepe ukiomba kampuni isome rekodi ya paka na kukuambia kwa maandishi itatenga nini. Ikitenga mfumo mzima wa mkojo kwa sababu ya uvimbe wa kibofu wa mara moja miaka mitatu iliyopita, omba waeleze, na uulize kama kizuizi kinaweza kuangaliwa upya. Baadhi ya kampuni hukubali kukiondoa baada ya muda fulani, kwa mfano miezi 24, bila dalili wala matibabu.

Meno yanahitaji neno lake. Mikataba mingi hulipia ajali ya jino tu. Inayolipia ugonjwa wa meno huweka masharti: paka akaguliwe kinywa kila mwaka, na matibabu anayoshauri daktari yafanyike ndani ya miezi iliyotajwa. Ukiogopa nusu kaputi kwa paka mzee, na daktari mwenyewe akashauri kusubiri kusafisha meno, muombe aandike ushauri huo na sababu zake za kiafya. Bila mstari huo dai la kung'oa meno manne mwakani huenda lisipite.

Kampuni zenyewe

Jina lililo kwenye tangazo si lazima liwe ndilo linalolipa. Petplan, iliyoanza mwaka 1976, hubebwa na Allianz. Maduka makubwa nayo huuza bima kwa majina yao huku kampuni nyingine ikilipa. Petplan na Agria, ambayo mizizi yake ni bima ya farasi na ng'ombe Sweden tangu 1890, ndizo tunazoziweka mbele kwa paka mzee mwenye rekodi safi, kwa sababu bima ya maisha yote ndiyo biashara yao kuu, na si bidhaa iliyoongezwa pembeni. Si za bei rahisi. ManyPets, zamani Bought By Many, ilijijengea jina kwa kufikiria maradhi ya zamani ambayo wengine huyakataa moja kwa moja, kwa hiyo ni ya kuulizia kama rekodi ina doa la siku nyingi.

Badala ya kutegemea nyota za mtandaoni, fungua takwimu za thamani ya bima zinazochapishwa na FCA. Humo kila kampuni imeonyeshwa ni sehemu gani ya madai inakubali na wastani wa malipo yake. Kampuni yenye bei ndogo lakini inayokataa madai mengi kuliko wenzake haina unafuu wowote.

Kama unasafiri kwenda nyumbani Desemba na kumwacha paka kwa rafiki, iambie kampuni mapema nani ana ruhusa ya kudai kwa niaba yako, na muachie namba ya mkataba na ya chipu ya utambulisho iliyo chini ya ngozi ya paka. Tangu 10 Juni 2024 chipu ni lazima kwa paka wa kufugwa England. Hakikisha pia chanjo hazijapitwa. Mikataba mingi hukataa kulipia ugonjwa ambao chanjo ingeuzuia.

Lini usikate

Paka wa miaka 15 mwenye figo na thairoidi tayari kwenye rekodi atatozwa ada kubwa, na maradhi yake mawili makuu yatakuwa nje. Piga hesabu. Ada ya pauni 45 kwa mwezi ni 540 kwa mwaka. Kwa makato ya 150 na mchango wa asilimia 20, bili ya pauni 1,000 italipwa 680, faida ya 140 tu. Bili ya 3,000 italipwa 2,280, na hapo bima inaonekana kazi yake. Kama yaliyobaki nje ya vizuizi hayaelekei kufika huko, fungua akaunti ya akiba na uweke hizo 45 kila mwezi. Mwenye kipato kidogo aulize PDSA na Blue Cross, mashirika ya hisani yanayotibu wanyama, kuhusu masharti ya msaada wao kabla paka hajaugua.

Ukidai, omba idhini ya awali kwa matibabu makubwa. Iodini ya mionzi kwa thairoidi, kwa mfano, hugharimu maelfu ya pauni, na paka hulazimika kubaki hospitalini mpaka mionzi ipungue. Dawa za kila siku unaweza kuzinunua duka la mtandaoni kwa cheti cha daktari, mara nyingi kwa bei ndogo zaidi; tunza risiti, na kiwango chako cha mwaka kitadumu zaidi. Dai likikataliwa, andika malalamiko rasmi na uambatanishe barua ya daktari inayotaja tarehe ya dalili ya kwanza na sababu za kuitenganisha na ugonjwa wa sasa. Kampuni ina wiki nane za kutoa jibu la mwisho. Jibu lisiporidhisha, au wiki zikipita kimya, peleka shauri Financial Ombudsman Service, chombo huru cha kuamua migogoro ya wateja na kampuni za fedha, bila malipo. Baada ya jibu la mwisho una miezi sita.