Kuongeza kasi ya intaneti Mtwara bila kupoteza IP ya kudumu: nunua kwa mpangilio huu

Korosho zikianza kuingia ghalani, bosi aliyeko Dar hutaka kuyaona magunia kwenye simu yake. Msimu mmoja tulipandisha kasi hapa Chikongola. Fundi akabadilisha rauta, akapima, namba zikapendeza, akaenda zake. Jioni simu ikaita: "Mbona kamera giza?" IP, ile anwani ya namba ya laini yetu ambayo simu ya bosi huitumia kuzipata kamera, ilikuwa imebadilika. Hatukuulizwa, nasi hatukuuliza.

Chaguo la kwanza kwangu ni kampuni ileile, laini ileile, kasi tu ndiyo ipande. IP haina sababu ya kuguswa, ila wapo wanaokusajili upya kana kwamba ni mteja mgeni, na hapo ndipo inapopotea. Neno la mdomo la mtu wa mauzo usilitegemee. Andika IP yako kwenye fomu ya maombi, tarakimu kwa tarakimu, kisha dai uthibitisho kwa barua pepe. Mwenye kundi la anwani nane aziandike zote, ingawa anazotumia huwa tano tu.

La pili ni kukodi seva ndogo yenye IP yake, rauta yako iunganishwe nayo kwa WireGuard, programu ya kuunganisha vifaa kwa njia ya siri ndani ya intaneti. Utalipa kila mwezi na utahitaji fundi anayejua kazi. Lakini leo ukitumia faiba, kesho laini ya simu, IP ni ileile. Anayehamahama ofisi aanze na hili.

Kutoka waya wa shaba kwenda faiba naliweka la tatu, hata kama kampuni haibadiliki. Laini ya zamani isikatwe kabla mpya haijapimwa na kamera zote.

La nne ni DDNS, huduma inayokupa jina la kutumia badala ya IP. Ni rahisi, pengine bure, na jina hufuata IP popote inapohamia. Kwanza fungua ukurasa wa rauta uangalie anwani ya WAN, yaani ile ya upande wa intaneti. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, unachangia IP na wateja wengine na jina halitakusaidia kitu. Laini nyingi za simu ziko hivyo.

Kampuni mpya iwe ya mwisho. Namba ya simu unahama nayo tangu 2017, IP huhami nayo, ni ya kampuni. Lipia laini zote mbili kwa wiki mbili hivi, kama una jina la tovuti linaloelekeza kwenye IP yako, shusha TTL ya DNS (muda ambao anwani ya zamani ya jina hilo hukumbukwa) hadi sekunde 300, halafu pitia kila kifaa kilichoandikwa IP ya zamani. Sisi tulisahau mashine ya mahudhurio, na kwa siku tatu Dar walituona sote watoro.