Mizani ya kuunganishwa na simu: inamfaa anayepungua polepole, akizima nusu yake

Mizani hizi za kioo zenye vibamba vya chuma hunadiwa kwa wingi wa vitu zinavyopima: uzito, mafuta, maji, misuli, hata "umri wa mwili". Kwa mtu anayepungua nusu kilo wakati wenzake wanatangaza kilo mbili, cha maana ni kimoja tu, nacho hakimo hata ndani ya mizani. Kimo kwenye programu ya simu: mstari wa wastani.

Anayepungua gramu 250 kwa wiki hupoteza kama gramu 36 kwa siku. Mizani nyingi za aina hii husoma kwa hatua za gramu 50 au 100, kwa hiyo upungufu wa siku moja hauonekani kabisa. Wakati huohuo maji, chumvi, chakula kilichomo tumboni na hedhi vinaweza kuupandisha au kuushusha uzito kwa kilo moja hata mbili. Ukishika namba ya Jumatatu mbili tu, unaweza kukuta umeongezeka kilo nzima ilhali mafuta yamepungua. Chukua wastani wa siku saba, uweke kando ya ule wa wiki nne nyuma. Hapo kilo moja uliyopunguza, yaani gramu 250 mara wiki nne, hujitokeza. Kagua hilo kabla ya kulipa. Programu inayochora nukta za kila siku pasipo wastani, iache.

Kinachoharibu ni orodha ya ushindani. Programu nyingi huwapanga wanakikundi kwa kilo walizopunguza, na kipimo hicho kimepinda tangu mwanzo. Asilimia 1 ya kilo 120 ni kilo 1.2, ya kilo 65 ni gramu 650. Kwa uwiano wamelingana, lakini mmoja yuko kileleni na mwenzake anaburuta mkia. Tena kuna wiki ya kwanza: aliyekata wanga ghafla humaliza akiba ya glaikojeni (wanga uliohifadhiwa mwilini), na kila gramu yake hushikilia takriban gramu 3 za maji, hivyo kilo kadhaa zinaweza kuondoka kabla mafuta hayajaguswa sana. Aliyeanza kunyanyua vyuma naye misuli yake huvuta maji, na namba inaweza kuganda kwa wiki mbili. Anayemwaga maji anashindanishwa na anayeyahifadhi! Nenda kwenye mipangilio, zima orodha hiyo pamoja na arifa za "umeongezeka". Ukitaka kikundi, kihesabu siku za kujipima au hatua za kutembea.

Asilimia ya mafuta ni makisio. Umeme hafifu hupita kutoka unyayo mmoja hadi mwingine, kisha kanuni hujazia kwa umri, jinsia na urefu ulioandika. Nyayo zikikauka, au ukitoka mazoezini, namba huruka. Iangalie mara moja kwa mwezi, basi. Aliyepandikiziwa kifaa cha mapigo ya moyo asiitumie kabisa sehemu hii, na mjamzito hushauriwa aiache.

Iweke kwenye sakafu ngumu, kamwe si juu ya zulia. Ukiihamisha, ikanyage iwake, shuka, subiri isome sifuri na kuzima, ndipo upime. Pima asubuhi baada ya kutoka chooni, kabla ya kula wala kunywa. Kuna ujanja mmoja wa kuangalia: baadhi ya mizani hukariri namba ya mwisho iwapo tofauti na kipimo kipya ni ndogo, zionekane sahihi. Panda tena ukiwa umeshika chupa yenye mililita 200 za maji. Namba isiposogea, inakariri, na mizani ya hivyo itamficha anayepungua taratibu.

Mara moja kwa wiki ingiza kiuno kwa mkono, kama programu inaruhusu. Tumia futikamba, katikati ya ubavu wa mwisho na juu ya mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi kawaida. Uzito ukiganda, kiuno huweza kuendelea kushuka.

Kwa ambaye namba ya asubuhi humharibia siku nzima, baadhi ya mizani huweza kuificha kwenye skrini na kuituma kwenye simu tu. Zisizo na uwezo huo, kipande cha karatasi kilichobandikwa juu ya skrini hufanya kazi ileile.