Programu za kukagua kama unaruhusiwa kurusha droni: nyota tatu, na hizi ndizo sababu

Simu yangu ina programu kadhaa za kuniambia kama naruhusiwa kurusha droni pale niliposimama, na hakuna hata moja ninayoiamini peke yake. Kazi yangu ni kupiga picha za mapaa, minara na majengo yanayojengwa, na kazi hizo hazipatikani porini. Mara nyingi ziko jirani na uwanja wa ndege, nyuma ya kambi, au mkabala na hospitali yenye kiwanja cha helikopta. Ndiyo maana programu hizi nazikagua kwa jicho la ukali kidogo.

Nianze na ramani inayokuja na droni yenyewe, kwa sababu wengi huishia hapo. Fikra iliyozoeleka ni kwamba droni ikikubali kupaa basi mahali pako ni salama, na ikigoma ndipo kuna shida. Droni za DJI ndizo zilizotuzoesha hivyo, maana kwa miaka mingi zilikuwa zikikataa kuwasha mota karibu na viwanja vikubwa vya ndege. Januari 2025 kampuni hiyo iliondoa kizuizi hicho Marekani. Sasa ramani inatumia takwimu za FAA, mamlaka ya anga ya huko, na kwenye skrini linatokea onyo ambalo rubani anaweza kulikubali kwa kidole kisha akapaa. Kwa hiyo droni kupaa si ushahidi wa chochote. Hata kule ambako eneo bado linafungwa, kulifungua kwa akaunti yako ni jambo kati yako na mtengenezaji. Aliyekaa kwenye mnara wa kuongozea ndege hana habari nalo. Ramani hii naitumia kama kengele ya mwisho, si zaidi.

Programu ya pili ni ya bure, ya wengine kabisa, na jina lake naliacha kwa kuwa kasoro zake ziko pia kwa wenzake. Raha yake ni wepesi. Unaweka alama unapotaka kurukia, unavuta duara, rangi zinajitokeza. Wengi hutazama rangi tu wakafunga simu. Gusa eneo lenyewe, kisanduku kifunguke, usome mistari miwili ya urefu: wapi linaanzia na wapi linaishia. Eneo linaloanzia ardhini linakuhusu. Linaloanzia futi 1,500 kutoka ardhini halimgusi mtu anayeruka ndani ya kikomo cha kawaida cha futi 400, au mita 120, ambacho nchi nyingi zinakitumia.

Lakini angalia hizo futi zinahesabiwa kutoka wapi. Ikiwa zimeandikwa AGL, ni kutoka ardhini. Ikiwa ni AMSL, ni kutoka usawa wa bahari. Tuseme umesimama kilimani, futi 1,300 juu ya bahari, na eneo lililozuiwa linaanzia futi 1,500 AMSL. Kichwani mwako umebakiwa na futi 200 tu, wakati unadhani una anga tele. Rimoti nayo haikusaidii, kwa sababu namba inayoonyesha kwa kawaida inahesabiwa kutoka pale ulipopalia. Haijui bahari iko wapi, na ukiivusha droni juu ya bonde, haijui kama ardhi imeshuka chini yake. Programu iliyoweza kunifanyia hesabu hii yenyewe ningeipa nyota tano bila kuuliza mengine. Hii yangu inaandika herufi nne kwa maandishi ya kijivu hafifu, basi.

Kosa lake kubwa ni jingine. Mtandao ukiwa dhaifu, picha ya ramani inafunguka lakini tabaka la maeneo yaliyozuiwa halifiki. Hakuna onyo lolote. Unabaki unatazama barabara na mito, hakuna rangi hata moja, na ramani iliyoshindwa kupakia inafanana kabisa na ramani isiyo na vizuizi. Siku hizi nikifungua naisogeza kwanza hadi kwenye uwanja wa ndege ninaoujua. Nikikuta hauna duara, naifunga.

Tatu ni ramani ya mamlaka ya anga yenyewe, pale inapokuwepo. Kwa kawaida ni nzito, haikutengenezwa kwa simu, na kutafuta mahali kwa jina ni adhabu. Hata hivyo ndiyo ninayoanza nayo, nikiwa bado nyumbani mbele ya kompyuta, kwa sababu inaonyesha umbo halisi la kizuizi. Chukua Uingereza. Watu wanadhani uwanja wa ndege una duara tu, kumbe duara hilo lenye nusu kipenyo cha maili 2 au 2.5 za baharini huongezewa vipande vya kilomita 5 kwa 1 vinavyochomoza kwenye ncha za njia za kurukia. Aliye pembeni ya uwanja anaweza kuwa huru wakati aliye mbali zaidi, lakini chini ya njia ya kutua, amezuiwa. Marekani nako anga inayodhibitiwa imekatwakatwa viraka, kila kimoja na kimo chake kuanzia futi 0 hadi 400, na kwa mfumo wa LAANC unaweza kuomba kibali ukajibiwa papo hapo.

Kisha zipo NOTAM, matangazo ya muda kwa wanaotumia anga, ambayo programu nyingi za bure huyaficha nyuma ya malipo. Yanatisha kwa sura tu. Tafuta sehemu zilizoandikwa herufi B na C: tarakimu kumi kila moja. 2506141500 ni mwaka 2025, mwezi wa 6, tarehe 14, saa 15:00 UTC, yaani saa ya kimataifa, kwa hiyo geuza kwanza iwe saa ya hapo ulipo. B ni mwanzo, C ni mwisho. F na G ni urefu wa chini na wa juu. Ukiyajua hayo, hulazimiki kumlipa mtu akusomee.

Jambo ambalo zote hazinipi ni ardhi. Ramani ya anga inasema juu ya anga. Hifadhi za taifa za Marekani zilipiga marufuku droni mwaka 2014, na kinachozuiwa ni kupaa, kutua au kuiendesha ukiwa ndani ya ardhi yao. Unaweza kukuta anga juu yake haina rangi yoyote na bado ukapigwa faini ukiwa umeshika rimoti. Kwa gereza, mtambo wa umeme au kambi, namuuliza msimamizi wa mahali hapo kwa maandishi, na jibu lake nalihifadhi pamoja na picha ya skrini inayoonyesha tarehe na saa niliyokagua.

Kwa hiyo nyota: ramani ya mtengenezaji mbili, programu ya bure tatu, ramani ya mamlaka nne pamoja na ubaya wake wote. Anayerusha mara moja moja uwanjani kwake asinunue toleo la kulipia. Hali ya upepo na michoro ya jua wanayoiuza humo inapatikana bure kwingine. Anayefanya kazi mjini alipie, ila ajaribu kwanza kuzima data ya simu aone programu inasemaje. Ikinyamaza na kumwonyesha ramani tupu, pesa yake abaki nayo.