Mashine za kupima presha nyumbani: ipi ya kununua Kisumu na Nakuru, na ipi ya kuacha dukani

Ukiingia maduka ya dawa ya Oginga Odinga Street hapa Kisumu, au ya Kenyatta Avenue kule Nakuru, utaonyeshwa aina tatu za mashine ya presha: ya kufunga juu ya kiwiko, ya kufunga kwenye kifundo cha mkono, na saa ya mkononi inayodai kupima kila kitu. Nunua ya juu ya kiwiko, yenye mkanda unaokutosha na modeli iliyofanyiwa majaribio. Hizo nyingine mbili ziache hapo hapo kwenye kabati ya vioo.

Uchaguzi huu si wa anasa. Miongoni mwa mambo yanayoleta mshtuko wa moyo, presha ndiyo rahisi zaidi kupima ukiwa umeketi nyumbani kwako. Damu inayosukumwa kwa nguvu kupita kiasi huumiza ukuta wa ndani wa mishipa inayolisha moyo, mafuta hupenya na kujijenga hapo, na siku utando huo unapopasuka damu huganda juu yake na mshipa ukaziba ghafla. Miaka yote hiyo mtu hahisi chochote. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulikuta karibu robo ya watu wazima nchini Kenya wana presha ya juu, na zaidi ya nusu hawajawahi kupimwa hata mara moja.

Anza na mkanda. Muuzaji atakusifia ukubwa wa skrini na vipimo vinavyohifadhiwa ndani, lakini nambari hupotoka kwa sababu ya mkanda. Kabla ya kutoka nyumbani, chukua tepu ya fundi cherehani uzungushe katikati ya bega na kiwiko, mkono ukiwa umelegea. Mikanda mingi inayokuja ndani ya boksi imeandikwa sentimita 22 hadi 32. Mpakuzi wa magunia pale soko la Kibuye, au mama mwenye mwili, anaweza kupita 32 bila kujua. Huyo atafute mkanda wa sentimita 22 hadi 42, au mkubwa unaouzwa peke yake, lakini uwe wa kampuni na modeli ile ile ya mashine.

Mkanda ukiwa mdogo, upepo wake haukandamizi mshipa sawasawa, kwa hiyo mashine hulazimika kujaza zaidi na nambari inapanda. Katika utafiti uliofanywa Baltimore, Marekani, na kuchapishwa 2023, watu waliohitaji mkanda mkubwa kuliko yote walifungwa wa kawaida, na nambari yao ya juu ikaongezeka kwa karibu 20. Pengo hilo linatosha kumwanzishia dawa mtu asiyezihitaji. Mkanda uliozidi ukubwa hushusha nambari, na kwangu kosa hilo ni baya zaidi, maana mgonjwa anarudi nyumbani akiamini yuko salama.

Baada ya mkanda, uliza modeli. Pindua mashine usome herufi na nambari zilizoandikwa chini yake, kisha zitafute kwenye orodha ya STRIDE BP, ya mashine zilizofaulu majaribio ya usahihi, ambayo iko wazi kwenye intaneti bila malipo. Fananisha herufi kwa herufi, kwa sababu kampuni moja inaweza kuwa na modeli iliyofaulu majaribio na nyingine ambayo haijajaribiwa kabisa. Alama ya CE, ile ya soko la Ulaya, kwenye boksi haitoshi kukuhakikishia kwamba usahihi wa mashine ulipimwa na wataalamu wasioiuza. Ikiwa pesa ni za kubana, sahau Bluetooth na programu za simu, uweke tofauti hiyo kwenye mkanda mzuri. Omba ujaribu mashine kabla ya kulipa, na uondoke na risiti yenye modeli na muda wa waranti.

Mashine za bei ya chini zisizo na jina zina mambo mawili yanayosumbua. La kwanza ni sauti. Nyingi hutangaza majibu kwa nguvu, nyumba nzima ikasikia, na mwenye kupimwa akashtuka kabla ya kipimo cha pili. Tafuta kitufe cha kuizima. La pili ni hatari zaidi: mashine hizi zinaweza kuhama kutoka milimita za zebaki (mmHg) hadi kilopaskali (kPa), kizio kingine cha presha, ukibonyeza kitufe kwa muda mrefu bila kukusudia. Hapo 140 juu ya 90 inaandikwa 18.7 juu ya 12.0, na mzee anayejipima peke yake anadhani presha imeshuka hadi kuzimia, au anaacha dawa. Ukiona nukta ndani ya nambari, ujue kipimo kimehama. Fungua kijitabu uirudishe mmHg.

Ile ya kifundo cha mkono inavutia kwa udogo wake na kwa kuwa huhitaji kuvua shati. Tatizo ni kwamba kifundo hushuka chini ya kiwango cha moyo bila mtu kugundua, na kila sentimita 10 za kushuka huongeza karibu 8 kwenye nambari. Inafaa tu pale mkono wa juu ni mnene kiasi kwamba hakuna mkanda unaoufaa, na hata hapo mwenyewe afundishwe kuiegemeza kifuani usawa wa moyo. Kuhusu saa za bei rahisi zinazouzwa barabarani, nyingi hukisia presha kutokana na mwanga unaomulika ngozi. Usibadilishe dawa kwa sababu ya saa.

Kwa matumizi ya kila siku, modeli inayokubali betri za kawaida za AA pamoja na adapta ya stima ndiyo inayofaa huku kwetu, maana stima ikipotea jioni kipimo hakisubiri. Betri zikichoka mashine hujaza upepo polepole, inasita, kisha inaandika kosa. Mpira unaounganisha mkanda na mashine nao hupasuka pale unapokunjwa, kwa hiyo uzungushe kwa ulegevu unapoihifadhi. Usiiache kwenye dashibodi ya gari juani. Kila unapokwenda kliniki ichukue, upimwe na ya kwao kisha na yako kwa mkono ule ule, dakika chache zikipita katikati. Zikitofautiana sana kila mara, irudishe dukani ikaguliwe.

Mashine nzuri kabisa bado hudanganya ikitumiwa vibaya, na kosa ninaloliona kubwa nyumbani ni la fanicha. Mtu huketi kwenye kochi lenye kina, akajikunja mbele, na mkono akauweka juu ya stuli ya chini. Mgongo haujaegemea, mkono uko chini ya moyo, na nambari inapanda bila ugonjwa. Tumia kiti cha meza ya kulia. Egemeza mgongo, kanyaga sakafu kwa miguu yote miwili bila kuipishanisha, na weka mkono mezani. Meza ikiwa fupi, weka mto chini ya mkono mpaka mkanda ufike usawa wa moyo. Nenda haja ndogo kwanza, kwa kuwa kibofu kilichojaa hupandisha presha. Chai, kahawa, sigara na kazi ngumu viwe vimepita nusu saa. Keti kimya dakika 5. Mkanda ufungwe kwenye ngozi wala si juu ya sweta, ukingo wake wa chini ukiwa vidole viwili juu ya mkunjo wa kiwiko, na mpira ukishuka upande wa ndani wa mkono. Usizungumze mpaka mashine imalize, na usijibu simu.

Mara ya kwanza pima mikono yote miwili. Ikitofautiana, utumie daima ule wenye nambari kubwa, na pengo likizidi 15 mwambie daktari, kwani linaweza kuashiria mshipa uliopungua upana. Kisha pima kwa siku 7: asubuhi kabla ya dawa na kabla ya staftahi mara mbili kwa nafasi ya dakika moja, na jioni vivyo hivyo. Andika kila nambari kwenye daftari, hata zile zisizokupendeza. Siku ya kwanza itupe, kwa sababu wengi huwa na wasiwasi, halafu tafuta wastani wa siku zilizobaki. Wastani wa 135 juu ya 85 au zaidi nyumbani ni presha ya juu. Hospitalini mpaka ni 140 juu ya 90. Lipeleke daftari hilo kliniki. Daktari ataona mengi zaidi humo kuliko kwenye kipimo kimoja cha foleni ya asubuhi pale Russia, yaani hospitali ya rufaa ya Jaramogi hapa Kisumu, au PGH, hospitali ya rufaa ya Nakuru.

Daftari likionyesha nambari zimepanda ghafla, kagua kwanza dawa za maumivu. Diclofenac na ibuprofen, ambazo watu hununua kwa ajili ya magoti na mgongo bila kuuliza, hupandisha presha kwa kuzuia figo kutoa chumvi na maji, na diclofenac yenyewe huongeza hatari ya mshtuko wa moyo. Mwambie mfamasia una presha kabla hajakufungia. Kisha chunguza chumvi, ambayo Shirika la Afya Duniani linashauri isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kimoja cha sawasawa, ikihesabiwa pamoja na iliyomo kwenye mkate na vikolezo vya pakiti.

Mashine ikionyesha 180 juu ya 120 au zaidi, pumzika dakika 5 upime tena. Ikibaki hapo na huna dalili yoyote, onana na mhudumu wa afya siku hiyo hiyo, wala usimeze kidonge cha jirani. Ikiandamana na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, ulimi mzito, macho kufifia au udhaifu wa upande mmoja, ni dharura.

Kwa asiyeweza kununua mashine kwa sasa, wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mikoba ya kazi tangu 2023 hubeba kipimo cha presha na cha sukari hadi nyumbani. Anayenunua asisahau kwamba mashine haioni sukari, kolesteroli, sigara, wala historia ya baba au kaka aliyepatwa na ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya 65. Hayo yanahitaji maabara na mazungumzo na daktari.

Mashine hii pia haitambui mshtuko wa moyo. Mtu anaweza kuwa na 120 juu ya 80 huku mshipa wa moyo wake umeziba. Kifua kikibana kama kilichowekewa uzito kwa zaidi ya dakika chache, maumivu yakisambaa hadi mkono, taya au mgongo, na jasho baridi likitoka, usipoteze muda kufunga mkanda. Wanawake na wenye kisukari huenda wasihisi zaidi ya uchovu mkali, kichefuchefu au pumzi kukata, na wengi hudhani ni vidonda vya tumbo. Mgonjwa aketi, asitembee hadi stejini wala asijiendeshe, na piga 999 au 112, au tafuta gari badala ya boda. Kama hana mzio wa aspirini na havuji damu, atafune miligramu 300. Mpelekeni hospitali yenye ECG, kipimo cha umeme wa moyo, na mlangoni semeni neno moja kwanza: kifua. Kipimo hicho kinapaswa kufanywa ndani ya dakika 10 za kufika. Kisipofanywa, ombeni kwa jina lake.