Uzoefu wangu na Fish Tales: pinboli nzuri, lakini inataka fundi

Fish Tales ni mashine ya pinboli iliyotoka kiwanda cha Williams, Chicago, mwaka 1992. Aliyeibuni ni Mark Ritchie, na zilitengenezwa 13,640, kwa hiyo huko Marekani bado si vigumu kuipata ya mtumba wala kupata vipuri vyake. Ninaichezea na kuihudumia kwa mikono yangu. Kwa maoni yangu ndiyo inayomfaa zaidi mtu anayezikumbuka kwa hamu zile pinboli zilizokuwa zikisimama pembeni mwa baa, maduka ya piza na nyumba za kufulia nguo kwa sarafu.

Kwa ambaye hajawahi kuigusa pinboli: gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 27 na uzito wa gramu 80 hivi hurushwa juu ya ubao ulioinama, chini ya kioo. Ikiteremka, unaipiga irudi juu kwa flipa mbili, yaani mikono midogo iliyo chini ya ubao, zinazoendeshwa na vitufe vya ubavuni. Ikipita katikati ya flipa, imepotea. Katika Fish Tales, kirushio ni mpini wa fimbo ya kuvulia, na juu ya sanduku la nyuma amelala samaki mkubwa anayetikisa mkia. Ubaoni kuna kigurudumu cha kuviringishia mshipi ambacho huzihifadhi gololi mpaka zitoke tatu kwa mpigo. Mchezo wenyewe umejengwa juu ya uongo wa wavuvi: unavua samaki, kisha mashine inakuruhusu kumkuza kuliko alivyo ili alama ziongezeke.

Flipa zake ni fupi kidogo kuliko za kawaida, hivyo pengo la katikati ni pana na gololi hupotea haraka. Wapo wanaobadilisha na kufunga flipa ndefu ili wacheze muda mrefu. Mimi sishauri. Mashine hii ilibuniwa kula sarafu, na ile hofu ya kupoteza gololi ndani ya sekunde chache ndiyo inayomfanya mtu abonyeze kitufe cha kuanza mara tu mchezo unapokwisha. Iache kwenye gololi tatu kwa mchezo. Mchezo wa bure ukipatikana, nyundo ndogo iliyo ndani ya sanduku hupiga mbao mara moja kwa nguvu, na mlio huo husikika chumba cha pili. Kama mashine uliyonunua iko kimya, kagua nyundo hiyo kwanza. Wamiliki wengine huichomoa waya kuepuka kelele, na hapo wanaondoa kitu kilichokuwa kikiwavuta watu wote waliomo ukumbini wageuke kutazama.

Kuhusu kutoweka kwa pinboli mitaani, watu hutaja marufuku. Ni kweli jiji la New York liliipiga marufuku mwaka 1942 kwa kuihesabu kamari, na likairuhusu mwaka 1976, baada ya Roger Sharpe, mwandishi na mchezaji hodari wa pinboli, kuwaonyesha madiwani kwamba mchezaji anaweza kuipeleka gololi pale anapokusudia. Lakini marufuku haikuiua, kwa kuwa miaka yake ya mauzo makubwa kabisa ilikuja baadaye. Kilichoiondoa mitaani ni matunzo. Mara nyingi mwenye baa hakuwa mwenye mashine. Mashine ilikuwa ya mtu aliyezisambaza sehemu nyingi, wakagawana sarafu, na yeye au fundi wake alipita kusafisha, kubadilisha raba na kukaza skrubu. Mashine ya mchezo wa video, mpinzani wa pinboli, ilihitaji kioo cha runinga na vitufe tu. Ndani yake hakuna kitu cha chuma kinachogonga mbao maelfu ya mara kwa siku. Mapato ya pinboli yalipopungua, ziara za fundi zikapungua. Flipa moja ikilegea, wachezaji wanaondoka, mapato yanashuka zaidi, na fundi anazidi kuadimika. Kampuni ya Gottlieb, mtengenezaji mwingine wa pinboli, ilifungwa mwaka 1996. Williams ikafunga kitengo chake cha pinboli Oktoba 1999, na kwa miaka kadhaa kampuni ya Stern ndiyo pekee kubwa iliyobaki ikitengeneza.

Kwa hiyo ukinunua Fish Tales, unanunua pamoja na kazi ya yule fundi. Hapo ndipo tathmini yangu inaegemea: mashine hii ikitunzwa ni tamu kupindukia, na ikipuuzwa miezi michache inakuwa butu kiasi kwamba mgeni ataidhani mbaya tangu kiwandani.

Anza na mahali pa kuiweka. Inazidi kilo 110, kwa hiyo ni kazi ya watu wawili na kitoroli. Toa gololi zote kabla ya kuisogeza, la sivyo zitavunja vitu ubaoni. Laza sanduku la nyuma juu ya blanketi, lifunge mkanda. Ikishasimama, weka pimamaji juu ya ubao wenyewe, usiiweke juu ya kioo, na urekebishe miguu mpaka upande wa kushoto na wa kulia uwe sawa. Mteremko unaofaa ni nyuzi 6.5. Ukipunguza, gololi inaelea na mchezo unapoteza ukali. Ukizidisha, njia za kupanda zinakuwa ngumu kufikia na flipa zinahangaika. Ndani ya sanduku, ubavuni, kuna timazi dogo linaloning'inia katikati ya pete. Ukiitikisa mashine kupita kiasi linagusa pete na unapoteza gololi yako. Usiliondoe, kusukuma mashine kidogo kwa nyonga na viganja ni nusu ya ustadi wa pinboli.

Flipa ndizo roho ya mashine. Zikidhoofika, wengi hukimbilia kununua koili (waya uliozungushwa unaogeuka sumaku umeme ukipita), lakini koili haiharibiki kirahisi. Kinacholika ni vipande vinavyosogea: bomba la plastiki lililo ndani ya koili, kichwa cha pistoni (kipande cha chuma kinachovutwa na koili), kiungo chake, na kibati cha chuma ambacho pistoni hukigonga. Kibati na kichwa cha pistoni vikishakandamizwa na kutanuka kama uyoga, pistoni inasuguana na bomba na nguvu inapotea. Nunua seti kamili ya flipa, ubadilishe vyote, na uache nafasi ya kama milimita moja kati ya flipa na ubao ili isikwaruze. Usitie mafuta kabisa! Mafuta yanachanganyika na vumbi jeusi la koili, yanakuwa utomvu, na baada ya wiki chache flipa hairudi chini. Jambo jingine ambalo mafundi waliozoea mashine za zamani hukosea: swichi ya mwisho wa mwendo (inayoguswa flipa inapofika juu) katika mashine za miaka ya 1980 ilipitisha umeme mkubwa, na ilikuwa sahihi kuisugua kwa tupa. Ya Fish Tales hupitisha umeme mdogo sana na ncha zake zimepakwa dhahabu. Ukiisugua kwa tupa umeiharibu. Pitisha kipande cha karatasi safi katikati ya ncha, inatosha.

Kitu cha kukagua kabla hujatoa hata senti ni betri. Bodi kuu ina betri tatu za AA zilizofungwa juu ya saketi, na zikivuja, kemikali yake hula njia za shaba zilizo chini yake. Mwombe muuzaji afungue sanduku la nyuma. Ukiona ukungu wa kijani au mweupe karibu na kishikio cha betri, punguza bei sana au ondoka. Bodi ikiwa safi, hamishia betri mbali kwa kishikio chenye nyaya, au badilisha chipu ya kumbukumbu uweke ile isiyohitaji betri. Njia hii ya pili ni bora, ila kutoa lehemu kwenye miguu 28 bila kung'oa shaba ni kazi ya mtu mwenye mkono mzoefu.

Mashine ikijizima na kuwaka upya kila unapobonyeza flipa zote mbili, volti 5 za bodi zinashuka. Pima kwanza umeme wa ukutani, kisha plagi za bodi, ndipo uende kwenye rektifaya (kigeuza umeme wa AC kuwa DC) yenye alama BR2 na kapasita yenye alama C5 ya mikrofaradi 15,000. Plagi za taa za jumla nazo huungua, zikawa kahawia. Badilisha pini na ganda pamoja, maana pini mpya kwenye ganda lililoungua itaungua tena. Ukiweka balbu za LED mzigo unapungua sana, lakini chagua nyeupe inayoelekea manjano (warm white). Nyeupe kali inaua rangi za michoro.

Mashine yenyewe hukusaidia kutafuta hitilafu. Ukiona nukta baada ya idadi ya michezo kwenye kioo cha maandishi, kuna swichi isiyoitika. Ndani ya mlango wa sarafu kuna vitufe vya majaribio: ingia kwenye jaribio la swichi, zungusha gololi kwa mkono, na usome ipi imekufa.

Usafi ni rahisi. Toa vumbi jeusi, futa ubao kwa kitambaa laini na nafta, kisha paka nta ya karnauba. Usinyunyize maji wala dawa za kusafishia madirisha. Badilisha raba zote kwa pamoja. Gololi iliyopoteza mng'ao itupe siku hiyohiyo, kwa sababu vishimo vyake hufanya kazi ya msasa na rangi ya ubao ikishatoka hairudi. Gololi mpya tatu ni bei ndogo mno ukilinganisha na ubao.

Kama unataka kujaribu pinboli kabla ya kununua, Pinball Hall of Fame ya Las Vegas na Silverball ya Asbury Park, New Jersey, zina mashine nyingi za vipindi tofauti za kuchezwa, na ni mahali pazuri pa kujifunza flipa yenye afya inavyohisika kidoleni.

Na kwa anayefikiria kuisafirisha Mombasa au Dar es Salaam: mashine zilizouzwa Marekani zimefungwa kwa volti 115. Transfoma yake inaweza kupangwa upya kwa volti 230 kwa kubadilisha nyaya kwenye plagi yake, kama mchoro wa kitabu cha mashine unavyoonyesha, na fyuzi kuu lazima ibadilishwe iwe ndogo zaidi kwa sababu mkondo unapungua. Usiiwashe hata kwa kujaribu kabla ya hayo. Weka kifaa cha kudhibiti umeme kati ya ukuta na mashine, na uiweke chumba kisichopata upepo wa bahari moja kwa moja. Chumvi hushika miguu ya chuma na ncha za swichi mapema kuliko sehemu nyingine yoyote.