Fundi wa fuko aliyekataa kunitegea nguruwe

Nina ekari moja na nusu ya viazi Isongole, upande unaotazama Mlima Rungwe, mbegu ya Kikondo. Mwezi wa pili shina moja lilinyauka, kesho yake matatu, na kufika Jumapili tuta zima lilikuwa limelala. Ukivuta shina linakuja lenyewe, limekatwa chini kama kwa kisu, viazi hakuna. Pembeni kuna vifusi vya udongo mbichi. Mkulima wa huku haulizi hiyo ni kazi ya nani.

Nilianza na sumu, na najuta. Fuko waliisukuma nje pamoja na udongo, asubuhi nikaikuta juu ya kifusi na kuku wangu wanaizunguka. Niliiokota punje kwa punje, mikono inatetemeka. Ndipo jirani akanielekeza kwa mzee mmoja anayetega kwa hesabu: asipopata, hulipi. Shilingi 2,000 kwa fuko mmoja, na chakula cha mchana juu ya mwenye shamba. Jina lake silitaji kwa sababu sikumwomba ruhusa.

Kazi yake nimeikalia nikaitazama. Anatembea kati ya matuta peku, anakanyaga kwa kisigino mpaka asikie pameitika uwazi chini. Anachimba hadi aikute njia ya fuko, anaiacha wazi upande mmoja ili upepo na mwanga viingie. Fuko havumilii njia yake kuwa wazi. Lazima arudi kuiziba, na akirudi anasukuma udongo mbele yake. Hapo ndipo mtego unapomngojea: fito mbichi iliyopindwa, kamba yenye kitanzi kilichofichwa ndani ya njia, na kijiti kidogo kinachoizuia fito isinyooke. Udongo ukikigusa kijiti, fito inafyatuka. Vifaa vyake vyote vilienea kwenye kiroba kimoja: fito, kamba za katani, vijiti alivyochonga mwenyewe. Waya hakuwa nao hata mmoja, na wakati ule sikujiuliza kwa nini.

Siku nne, fuko 11. Wa kwanza nilimshika mkononi. Manyoya laini kuliko ya paka, macho madogo kama mbegu za mchicha, na meno ya manjano yaliyotokeza mbele ya midomo, kiasi kwamba anaweza kuchimba kwa meno huku mdomo umefungwa na udongo usimwingie. Nilimtazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Tangu hapo matuta yaliyobaki hayajaguswa.

Kasoro zipo. Siku ya tatu alifika saa nne badala ya saa moja, tukakuta mitego miwili imefyatuka bure. Na kuna shimo moja hakulifukia, mwanangu akategukia hapo alipokuwa anapalilia. Nilimwambia, akaomba radhi, akalifukia.

Siku ya kumlipa ndiyo iliyonifanya niandike. Nilimpakulia ndizi na maharage, nikamhesabia 22,000, kisha nikamwonyesha kona ya juu ya shamba, kule kulikopakana na vichaka vya kuelekea msituni. Nguruwe pori walikuwa wameigeuza usiku mmoja kama waliolima kwa plau. Nilishanunua nyaya za breki za pikipiki. Nikamwambia, "Mzee, nitegee na hawa, nitakuongeza."

Akaweka sahani chini. "Mama, fuko ni wa shambani kwako. Wale wana serikali."

Nilidhani anataka bei ipande. Hapana. Alinieleza kwamba ujana wake alitega nyaya kama watu wote, na siku moja akaenda kukagua akakuta amemnasa minde, mnyama wa msituni wa jamii ya swala. Waya ulikuwa umeingia mguuni mpaka mfupani na mnyama bado anahema. Minde hayupo nchi nyingine yoyote duniani, ni Tanzania tu, na huku kwetu amebaki kwenye misitu ya milimani. "Nilitega nguruwe," alisema. "Waya haukuniuliza." Na kipunji, yule tumbili wa msituni, je? Wanasayansi walimtambua 2003 kwenye mlima huuhuu, ingawa wazee wetu walikuwa wakimtaja miaka yote, na anaishi milima hii ya kwetu na Udzungwa basi. Naye akisikia njaa anashuka kwenye mahindi, anapita njia zilezile.

Baada ya hapo nilisoma sheria mwenyewe, ile ya Kuhifadhi Wanyamapori, Na. 5 ya 2009. Nilikuwa naamini inamhusu anayeingia hifadhini na bunduki. Kumbe waya, shimo, wavu na sumu vimetajwa kama njia za uwindaji zilizokatazwa bila kibali. Ukimuua mnyama kwa kujihami au kuokoa mali yako sheria inakusikiliza, lakini unatakiwa kutoa taarifa, na mzoga wake ni nyara ya serikali, hata uwe umeulia katikati ya viazi vyako. Ukikutwa na nyama, wewe ndiye wa kuonyesha umeipata kihalali. Mimi ningeonyesha nini? Na nisingeweza kusema nilijihami, maana waya unategwa leo kumngoja mnyama ambaye hata hajafika.

Nakubaliana na sheria hii, na nasema hivyo nikiwa nimepoteza magunia. Ninachotaka ni mkulima afundishwe cha kufanya badala ya waya, na bahati yangu mimi nilifundishwa na huyu mzee bila malipo ya ziada. Alitusimamia tukafyeka vichaka upana wa hatua thelathini, nguruwe hapendi kuvuka peupe. Tukajenga kibanda cha kulindia, tukatundika madebe. Wanangu wawili wa kiume wanalala huko kwa zamu viazi vikiwa vinakomaa. Ni baridi, ni kazi, na nguruwe wamerudi mara mbili tu tangu tuanze. Pia alinipeleka kwa mtendaji wa kijiji tukaandikisha taarifa ya uharibifu, jambo ambalo sikujua kama lina maana.

Nampa nyota nne, ya tano nimeizuia kwa ajili ya lile shimo. Nyaya za breki nilizikatakata, zimefunga lango la banda la mbuzi.

Ukimhitaji, ulizia Isongole siku ya soko, wauza mbegu wote wanamjua. Mwahi kabla viazi havijatoa maua, akishaanza shamba la mtu haliachi katikati.