Mkopo wa ujenzi wa saccos yetu hapa Iringa, maoni yangu baada ya kuhamia kwangu

Kamwene wana Iringa. Watu wengi wananiuliza inboksi kuhusu ule mkopo wa kujengea wa saccos yetu ya wafanyabiashara, nimeona niandike hapa ili asome kila mtu. Jina siweki maana kuna malalamiko humu na hayo tutayamaliza kwenye mkutano wa wanachama, ila huduma yenyewe naijua mwanzo mwisho, nimeichukua na saivi nalala kwangu Igumbilo na wanangu.

Niseme mapema, kama umepanga nyumba ya mtu, una biashara ndogo na huna mshahara wa benki, huu mkopo ni mzuri sana na uuchukue. Lakini uuchukue kwa kuangalia mvua, nitaeleza.

Kuna anayeuliza kwa nini sikwenda benki. Mikopo ya nyumba ya benki ipo, sheria yake ilitungwa 2008 na TMRC, kampuni ya kuzikopesha benki kwa ajili ya mikopo ya nyumba, ikaanzishwa 2010 kuzipa benki hela za muda mrefu ili mtu alipe nyumba kidogo kidogo kwa miaka mingi, na mwajiriwa mwenye hati namwambia aende kabisa. Sasa mimi nauza vitunguu na nyanya. Benki wanataka hati miliki, wanataka slipu ya mshahara au hesabu za biashara zilizonyooka, wanataka ramani iliyopitishwa manispaa, na mimi kiwanja nina karatasi ya mauziano tu yenye muhuri wa serikali ya mtaa na majina ya mashahidi. Wengi tuko hivyo. Na huku mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mbele kwa mpigo, hela ambayo ingetosha kununua tofali za boma zima, yaani kuta zote kabla ya bati.

Saccos wanafanyaje? Unaweka akiba, ukishakaa unaruhusiwa kukopa mara tatu ya akiba yako, unadhaminiwa na wanachama wenzako. Kizuri ni kwamba mkopo wa ujenzi wameukata vipande: msingi, boma, kupaua. Huwezi kupewa vyote, unachukua cha msingi, unajenga, unalipa, ndio unaomba cha boma. Mwanzoni niliona wanatubana ila nikwambie ukweli ndio kitu kilichonisaidia kuliko vyote, maana deni halijawahi kuwa kubwa kuliko meza yangu ya sokoni inavyoingiza, na mwezi biashara ikilala bado unaweza kulipa bila kuuza kitanda.

Halafu hawatoi kipande kingine mpaka afisa mikopo afike saiti. Huyu kaka wa kwetu namsifu hadharani. Alikuja msingi ukiwa umeshapanda, akamwomba fundi kamba, wakapima kutoka kona moja mpaka kona ya mshazari, wakahamia zile kona nyingine mbili, vipimo vikakataa kulingana. Maana yake nyumba imekaa upande. Fundi akaanza kusema udongo una mteremko sijui nini, kaka akamwambia taratibu, fundi, toa hizi kozi mbili za mwisho, hii mistari ya tofali ya juu, uzirudie, dada huyu hatajenga mara ya pili maishani mwake. Zikatolewa palepale. Benki gani itakufanyia hivyo?

Riba ndio watu hawaielewi na ndipo wanapoumizwa na wakopeshaji wa mtaani, kwa hiyo someni hapa taratibu. Chukua mfano wa milioni 3 kwa miezi 12, riba asilimia 2 kwa mwezi. Ukikopeshwa kwa riba ya flati, kila mwezi unalipa riba ya 60,000 mpaka mwisho, hata ukibakiza deni la laki mbili na nusu bado unatozwa kama una milioni 3, jumla ya riba 720,000. Riba ya salio linalopungua, unarejesha 250,000 kila mwezi na riba inahesabiwa kwenye deni lililobaki tu, jumla inakuja 390,000. Asilimia ni ileile 2 lakini tofauti ni 330,000! Hizo ni bati jamani. Saccos yetu wanatumia salio linalopungua. Popote utakapokopa uliza hilo kwanza kabla hujauliza asilimia.

Kingine nilichokipenda, walimtaka mume wangu aje asaini, na wanaume nao wanatakiwa waje na wake zao. Wengine walinung'unika, mimi naunga mkono mikono miwili. Sheria ya Ndoa ya 1971 iko wazi, nyumba ya familia huwezi kuiuza wala kuiweka rehani bila mwenzako kukubali. Nimeona akina mama sokoni wanakuja kugundua nyumba ina deni siku dalali anabandika tangazo.

Sasa malalamiko. Kamati ya mikopo inachelewa mno. Kipande cha kupaua niliomba kiangazi, wakakaa nacho, hela imetoka mvua zimeshaanza. Mnajua ujenzi wetu huku, tofali za kuchoma zinajengewa udongo, saruji unaweka kwenye msingi na renta tu, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, boma likinyeshewa bila bati ule udongo unatoka kwenye maungio kama uji na tofali za juu zinaanza kucheza. Nilinunua manailoni nikafunika kuta na kuyakandamiza na mawe, upepo wa Iringa mnaujua, usiku tunaamka kuyafunga upya. Kozi za juu ilibidi zirudiwe na hiyo gharama hakuna aliyenisaidia. Mbao zenye dawa zilikuwa zimeshashuka kutoka Mafinga zinalowa pembeni. Ningeshauri kwa anayeanza, kipande cha boma omba mvua zikiisha, mwezi wa tano hivi, na fomu ya kupaua iwe mezani kwao mapema sana ili Novemba ikukute na bati juu. Na usikubali bati la geji 30, lile jembamba, eti kwa sababu hela haitoshi, bora upaue vyumba viwili kwa geji 28 ambalo ni nene zaidi uhamie, sebule ije baadae.

La pili ada. Fomu, bima ya mkopo, nauli ya afisa kuja saiti, vyote vinakatwa kwenye mkopo na hukuambiwa siku ya kwanza. Sio hela nyingi ila mtu anapanga bajeti mpaka mfuko wa mwisho wa saruji, waviandike ukutani pale ofisini.

La tatu ndio naliombea sana. Hakuna kipande cha mkopo cha kupimisha kiwanja na kupata hati. Nyumba tunayo, karatasi ni ileile ya mauziano. Mtaani kwetu majirani tumeanza kuchangishana tupimiwe kwa pamoja maana ukiita mpimaji peke yako ni gharama, na saccos ingeweza kabisa kukopesha hiyo hela, ni ndogo kuliko ya msingi. Mwenye hati ndio anaweza kesho kwenda benki na kuongea. Mkutano mkuu ukifika nitalisimamia hili pamoja na kamati kuweka tarehe ya mwisho ya kujibu maombi ya kupaua, wanachama wenzangu naombeni mje tuwe wengi.